Rangi na kura Marekani: Stori yote, kutoka Bradley hadi Obama hadi Trump

Tarehe 3 Januari 2008 Wakenya wengi walikuwa wamejifungia kwa keja. Matokeo ya urais yalikuwa yametangazwa siku nne mbele, mitaa ilikuwa inawaka, na jina lako la pili lilitosha kukuingiza kwa ngori. Siku hiyo hiyo, huko Iowa, jimbo ambalo zaidi ya asilimia 90 ya watu ni Wazungu, wasee walitoka na baridi yao wakampa ushindi wa mchujo jamaa ambaye babake alitoka Kogelo, Siaya.

Utani ulizaliwa hapo na bado unazunguka: ati Marekani ilipata rais Mjaluo kabla ya Kenya. Tunacheka, lakini nyuma ya huo utani kuna swali zito. Je, Wazungu waliacha kuangalia rangi? Ama waliangalia na bado wakampigia? Na kama waliacha, mbona miaka nane baadaye Iowa hiyo hiyo iliangukia Trump?

Kila baada ya miaka minne hii mjadala hurudi kwa base, kwa mat na kwa simu yako, na wengi hubonga bila namba. Hapa tumekupangia risto moja moja.

Kwanza, elewa hesabu

Rais wa Marekani hachaguliwi na jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina kura zake za wajumbe, zote pamoja ni 538, na anayefika 270 ndiye mdosi. Karibu kila jimbo humpa mshindi wake kura zote za wajumbe, hata kama ameshinda kwa wembamba wa uzi. Ndiyo maana 2016 Hillary Clinton alikuwa na karibu kura milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump na bado akaenda home.

Sasa weka rangi ndani ya hiyo hesabu. Wamarekani Weusi ni kama asilimia 13 ya wapiga kura. Mwaka 2008 Wazungu walikuwa asilimia 74 ya waliopiga kura. Maana yake ni rahisi: hakuna mgombea Mweusi anaweza kuwa rais kwa kura za watu wake pekee. Lazima apate mamilioni ya Wazungu. Kwa hivyo swali la "Wazungu wanafikiria nini kwa roho yao" si porojo, ndilo linaamua nani anaingia White House.

Kitambo, kura ilikuwa na mwenyewe

Kwa karatasi, mwanaume Mweusi alipata haki ya kupiga kura mwaka 1870, kupitia marekebisho ya 15 ya katiba. Kwa ground, mambo yalikuwa tofauti. Majimbo ya Kusini yalitunga mitego: ulipe kodi ndipo upige kura, ama ufanye mtihani wa kusoma ambao karani ndiye anaamua umepita au umeanguka. Kulikuwa hata na sheria za babu: kama babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla Weusi hawajaipata, wewe umesamehewa mtihani. Fikiria ni babu wa nani walikuwa watumwa wakati huo, utaona huo mtego ulimlenga nani.

Matokeo? Mississippi mwaka 1965, Weusi waliojiandikisha walikuwa karibu asilimia 7 tu ya waliostahili.

Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji walijaribu kuvuka daraja la Edmund Pettus mjini Selma, Alabama, wakidai haki ya kura. Karao waliwatwanga na marungu na gesi ya machozi, na kamera za televisheni zikaona. John Lewis, ambaye baadaye alikuwa mbunge kwa miaka mingi, alipasuliwa fuvu siku hiyo. Miezi mitano baadaye, tarehe 6 Agosti, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Kufikia 1967, waliojiandikisha Mississippi walikuwa wamefika karibu asilimia 60. Watu ni wale wale, jimbo ni lile lile. Kilichobadilika ni sheria.

Vyama vilibadilishana watu

Hii huchanganya wengi, so cheki poa. Chama cha Republican ndicho cha Abraham Lincoln, aliyemaliza utumwa, na kwa miongo mingi Weusi walikipigia. Walianza kuhamia Democratic miaka ya 1930, wakati Franklin Roosevelt alikuwa anapigana na njaa na ukosefu wa kazi.

Mlango ukafungwa kabisa 1964. Johnson, Mdemokrati, alipitisha sheria ya haki za kiraia. Mpinzani wake, Barry Goldwater wa Republican, aliipinga. Goldwater alichapwa vibaya, lakini ona alishinda wapi: kwao Arizona, halafu majimbo matano ya Kusini kabisa, yaani Mississippi, Alabama, Georgia, Louisiana na South Carolina. Huko Mississippi alipata asilimia 87. Wazungu wa Kusini walianza kutoka Democratic, na Weusi wakatulia huko.

Tangu mwaka huo hadi leo, hakuna mgombea urais wa Democratic ameshinda kura nyingi za Wazungu kitaifa. Si Carter, si Clinton, si Obama, si Biden. Hiyo kitu iweke kwa akili, juu itakusaidia mbele.

Athari ya Bradley: wasee hudanganya wakiulizwa?

Mwaka 1982 Tom Bradley, meya Mweusi wa Los Angeles, aligombea ugavana wa California. Kura za maoni zilimweka mbele. Siku ikafika, akashindwa na George Deukmejian kwa kura zisizofika laki moja, kati ya zaidi ya milioni saba.

Watafiti wakajikuna kichwa, na jibu moja likapata jina: athari ya Bradley. Wazo ni kwamba Mzungu akiulizwa na mtafiti anaogopa kuonekana mbaguzi, anasema "nitampigia Bradley", halafu akiwa peke yake na karatasi anafanya vingine. Mwaka 1989 Virginia ikaongeza moto. Douglas Wilder alikuwa anaongoza vizuri kwa kura za maoni, akaponea kwa kura zisizofika 7,000. Alishinda, akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana Marekani, lakini lile pengo lilipotelea wapi?

Si kila mtu alikubali hiyo hadithi. Wengine walisema Bradley aliangushwa na kura zilizotumwa kwa posta, ambazo kambi ya Deukmejian ilizisaka kwa nguvu, na pia na pendekezo la kudhibiti bunduki lililokuwa kwa debe siku hiyo na kuwatoa nje wapenda bunduki wengi. Baadaye msomi Daniel Hopkins alichambua chaguzi za magavana na maseneta za kuanzia 1989 hadi 2006. Alipata kwamba pengo lilikuwepo kweli mapema miaka ya 1990, halafu likafifia.

Kuna pia kipimo cha zamani cha kampuni ya Gallup. Mwaka 1958 waliuliza Wamarekani kama wangempigia mgombea urais Mweusi anayefaa, aliyeteuliwa na chama chao. Waliosema ndiyo hawakufika asilimia 40. Kufikia 2007 walikuwa zaidi ya 90. Hapo kuna mambo mawili: watu wamebadilika kweli, na pia watu wamejifunza jibu gani la kusema mbele ya mgeni. Yote mawili yanaweza kuwa ukweli kwa wakati mmoja.

Obama 2008, kwa namba

Obama hakuwa wa kwanza kujaribu. Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, alitafuta tiketi ya Democratic 1972. Jesse Jackson alijaribu 1984 na 1988, na mara ya pili akashinda majimbo kadhaa ya mchujo. Wote walionekana kama wagombea wa Weusi. Obama, aliyezaliwa Honolulu 1961 na mama Mzungu wa kutoka Kansas, alicheza tofauti: alibonga kuhusu kazi, vita vya Iraq na afya, na rangi akaigusa tu akilazimika.

Alilazimika Machi 2008. Video za pasta wake, Jeremiah Wright, akiilaani Marekani kwa madhabahu, zilijaa kwa televisheni. Tarehe 18 mwezi huo, mjini Philadelphia, Obama alitoa hotuba nzima kuhusu rangi. Alikubali kwamba Weusi wana hasira yenye sababu, halafu akasema Wazungu wa hali ya chini pia wana manung'uniko ambayo si vizuri kuyapuuza. Kampeni ilipona.

Kulikuwa pia na uvumi: ati ni Mwislamu wa siri, ati ni Mwarabu. Oktoba, kwa mkutano mmoja Minnesota, mama mmoja alimwambia John McCain kwamba Obama ni Mwarabu. McCain alichukua maikrofoni kwa mkono wake akamkatiza, akamwambia hapana, mpinzani wake ni mtu wa heshima na wa familia. Heshima kwa mzee.

Tarehe 4 Novemba matokeo yakakam. Obama 365, McCain 173. Huu ndio mgawanyo, kulingana na utafiti wa mlangoni, yaani wale watafiti wanaouliza watu wakitoka kwa kituo:

• Weusi: asilimia 95 kwa Obama
• Walatino: 67
• Waasia: 62
• Wazungu: 43 (McCain 55)
• Vijana wa miaka 18 hadi 29, wa rangi zote: 66
• Vijana Wazungu wa umri huo: 54

Angalia hiyo 43 vizuri. Ukiiona peke yake utasema Wazungu walimkataa Obama. Lakini 2004, John Kerry, Mzungu na mwanajeshi wa Vietnam, alipata 41. Obama alimpiku. Aliangusha Virginia na Indiana, ambazo Democratic hawakuwa wameshinda tangu 1964.

Sasa ona upande ule mwingine. Alabama alipata asilimia 10 ya Wazungu, na Mississippi 11. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema "Wazungu walifanya hivi", muulize: Wazungu wa wapi?

Na usisahau doo. Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, wiki saba kabla ya kura. Asilimia 63 ya wapiga kura walisema uchumi ndio ulikuwa shida kubwa zaidi. Msee anayekaribia kupoteza nyumba anaweza kuwa na maoni mabaya kuhusu jirani Mweusi na bado ampigie Obama, juu mkopo hauangalii rangi.

Sisi huku tulisherehekea. Rais Kibaki alitangaza Novemba 6 kuwa sikukuu ya taifa, na Kogelo hakukulalwa.

Basi ubaguzi ulimgharimu ngapi?

Hili ndilo swali gumu, juu mbaguzi hajazi fomu akisema ni mbaguzi. Watafiti hutumia njia za pembeni. Njia moja ni kumpa mtu orodha ya vitu vinavyomkera na kumwomba aseme idadi tu, si ni vipi. Kundi moja linapata orodha yenye kitu kimoja cha ziada, kinachohusu Weusi. Tofauti ya wastani kati ya makundi mawili inakuonyesha ni wangapi wanakerwa na hicho kitu, bila mtu yeyote kujianika.

Njia ingine ni Google. Mchumi Seth Stephens-Davidowitz aliangalia ni sehemu gani za Marekani watu walitafuta sana lile tusi baya zaidi kwa Weusi, halafu akalinganisha kura za Obama hapo na zile Kerry alipata. Pale tusi lilipotafutwa sana, Obama alifanya vibaya kuliko ilivyotarajiwa. Makadirio yake: ubaguzi ulimnyima Obama kama pointi 4 kitaifa. Mtu hudanganya mtafiti, lakini usiku akiwa na simu yake hadanganyi Google.

Kwa hivyo Obama hakushinda kwa sababu ubaguzi uliisha. Alishinda akiwa ameubeba mgongoni.

Baada ya sherehe

Mwaka 2012 sehemu yake ya Wazungu ilishuka hadi 39, lakini akashinda tena, 332 kwa 206. Siri ilikuwa kujitokeza. Takwimu za serikali zilionyesha asilimia 66.2 ya Weusi waliostahili walipiga kura, Wazungu 64.1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Weusi kuwapita. 2016, Obama akiwa hayuko kwa debe, Weusi walishuka hadi 59.6.

Katikati ya hayo, mambo mawili. Moja, ule uongo kwamba Obama alizaliwa Kenya. Trump aliupigia debe sana 2011, hadi Aprili mwaka huo Ikulu ikatoa cheti kamili cha kuzaliwa cha Hawaii. Trump alikuja kukubali Septemba 2016, akiwa tayari ni mgombea. Kumbuka jina la nchi yako lilitumika kumaanisha "huyu si wetu". Mbili, Juni 2013 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya kaunti ya Shelby ya Alabama, iliondoa kipengele kilichofanya majimbo yenye historia mbaya yaombe ruhusa kabla ya kubadilisha sheria za kura. Majimbo kadhaa yakaanza kukaza masharti ya vitambulisho.

Halafu 2016. Zaidi ya kaunti 200 zilizompigia Obama mara mbili zilimwendea Trump. Iowa, iliyompa Obama ushindi wa zaidi ya pointi 9 mwaka 2008, ilimpa Trump zaidi ya pointi 9. Wabaguzi wapya walizaliwa kwa miaka nane? Wasomi bado wanavutana. Wengine wanasema ni viwanda vilivyofungwa. Wengine wanasema Trump aliweka rangi na wahamiaji katikati ya meza, na mawazo yaliyokuwa yamelala yakaamka. Ukweli ni kwamba mtu mmoja anaweza kubeba hofu ya kazi na hofu ya mgeni kwa mfuko mmoja, na mgombea ndiye anachagua atoe gani.

Mwaka 2024 hadithi ikapinda tena. Kamala Harris, mama Mhindi na baba Mjamaika, alichukua tiketi baada ya Joe Biden kujiondoa Julai 21. Siku kumi baadaye Trump aliwaambia waandishi wa habari Weusi mjini Chicago kwamba Harris "aligeuka" kuwa Mweusi juzi juzi. Bado Trump alishinda, 312 kwa 226, na alipata kura za Walatino na wanaume Weusi zaidi ya awali. Kaunti ya Starr, Texas, mpakani na Mexico, ambako karibu kila mtu ni Mlatino, ilimpa Obama asilimia 86 mwaka 2012. Mwaka 2024 ilimwendea Trump, mara ya kwanza kwa Republican tangu 1892.

Waliokuwa wanadhani rangi ya mtu inakuambia kura yake walipata somo.

Ni kama ukabila wetu?

Inafanana, lakini si pacha. Huko ngozi inaonekana ukiingia tu, huku tunasubiri kusikia jina. Huko wengi ni kundi moja, Wazungu. Huku hakuna jamii inafika nusu, na katiba ya 2010 inadai zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Ndiyo maana kila miaka mitano unaona mahasimu wa jana wakikumbatiana jukwaani. Hesabu inawalazimisha kubisha milango ambayo hawakuzaliwa ndani.

Kitu kimoja kinafanana kabisa: mtu husema anachagua sera, halafu kwa kibanda cha kura anakumbuka kwao. Na kitu kingine pia: hofu haiamki yenyewe, kuna mtu huiamsha, na huwa ana jina kwa debe.

Ukiona namba kwa simu yako, uliza haya

Moja: ni ya lini? Kura ya maoni ya kabla na utafiti wa mlangoni si kitu kimoja, na zote ni makadirio. Pointi mbili tatu zinaweza kucheza.

Mbili: inalinganishwa na nini? Ile 43 ya Obama haimaanishi kitu bila 41 ya Kerry.

Tatu: nani yuko ndani ya hilo kundi? Binamu yako aliyepata uraia huko anajaza "Mweusi" kwa fomu, sanduku moja na mtu ambaye mababu zake walifika kama watumwa miaka 300 iliyopita. Sanduku moja, maisha mawili.

Nne: nani hakuja? 2012 na 2016 zinaonyesha kwamba mara nyingine kura haiamuliwi na aliyebadilisha mawazo, bali na aliyebaki nyumbani. Huku kwetu 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya waliojiandikisha, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017.

Ubaguzi wa mtu mwingine huwezi kuufuta kutoka kwa roho yake. Wale wa Selma hawakujaribu. Walidai waandikwe kwa daftari ya wapiga kura, na ndani ya miaka miwili Mississippi ikawa na hesabu mpya.